Sufu Kwenye Daraja la Gråholm

Gråholm, 3 Machi 1994

Kwa mpwa wangu Gunnvor,

Nina miaka themanini na moja. Nimeishi muda mrefu kuliko mke wangu Bergljot, kuliko kaka zangu watatu, kuliko feri mbili, vita moja, na wahandisi saba ambao kila mmoja alikuja hapa na koti refu kunifundisha kazi yangu mwenyewe. Wote wamezikwa, na mimi bado napanda ngazi ya darini bila kushika ukuta. Nakuambia haya ili ujue barua hii haiandikwi na mzee aliyechanganyikiwa.

Huku sote ni wazima. Nina kondoo kumi na tisa, wote wana mimba isipokuwa yule mmoja mwenye kiburi. Jirani yangu Oline Hauge amevunja kidole cha mguu kwa kupiga teke jiko. Mama yako mwambie kaka yake bado yupo, na ile sweta aliyonifumia inanibana kwapani lakini naivaa.

Sasa neno langu. Dereva wa basi anasema ofisi yenu ya madaraja imeleta watu kupima daraja letu, na mkubwa wao ni wewe. Kuwa mkubwa hakukunishangaza, kichwa hicho umekitoa upande wetu. Kilichonishangaza ni kwamba ulifika mpaka darajani na hukuja kunywa kahawa. Anasema pia likionekana bovu litafungwa. Gunnvor, daraja likifungwa, yule mama wa ustawi wa jamii hatapita na gari lake, na ameshaniambia wazi kwamba siku atakayoshindwa kunifikia atanihamishia nyumba ya wazee ya Vikane, huko bara. Kule wanakulisha saa kumi na moja jioni na saa mbili umeshazimiwa taa. Mimi sitoki Gråholm.

Andika kwenye ripoti kwamba daraja ni zima. Nalijua. Nililijenga nikiwa na miaka ishirini na tano, nikalitunza miaka arobaini na miwili. Kila Jumamosi niligonga misumari yake ya ribiti kwa nyundo, na iliyolegea niliijua kwa sauti tu. Nilizibua mifereji, nilipaka grisi, nilikwangua kutu mpaka kucha zikabadilika rangi. Na vyumba vya nanga, vile vya zege vilivyochimbwa mwambani pande zote mbili ambamo kamba kuu za chuma zinafungiwa, wakati wangu sakafu zake zilikuwa kavu kama sebule ya mchungaji. Hakuna daraja jingine pwani hii lililokuwa na vyumba vikavu hivyo. Uliza.

Simu niliirudisha alipokufa Bergljot, kwa hiyo andika.

Mjomba wako,
Anfinn Sandvoll


Bergen, 21 Aprili 1994

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukosa kuja kunywa kahawa. Tulikuwa watu sita na mwanga wa siku moja, na kila mmoja alikuwa ananyeshewa. Mama anakusalimu. Siku zake nzuri ananijua. Siku mbaya ananiita Bergljot na kuniuliza kama nimeshakamua ng'ombe, nami najibu ndiyo, nimekamua, basi anatulia.

Kuhusu daraja, sehemu kubwa ni nzima kuliko nilivyotarajia, na nimeandika kwamba ni kwa sababu ya utunzaji wako. Tatizo liko kwenye chumba cha nanga cha magharibi, upande wenu wa kisiwani. Unajua vizuri kuliko mimi jinsi kamba kuu inavyochanuka humo kuwa misokoto ishirini na nne, kila msokoto ukaishia kwenye kikombe chake cha chuma. Sasa shingoni mwa kila kikombe mtu amefunga sufu ya kondoo iliyolowekwa lami, kama soksi. Imepakwa rangi ya kijivu mara nyingi mpaka inafanana na chuma chenyewe. Wakaguzi wote walioingia waliona rangi safi na sakafu kavu, wakaandika chumba ni kizima. Mimi niliona rangi imepasuka kwenye kikombe kimoja, nikaichana kwa kisu. Maji yanayoteremka kati ya nyuzi za chuma yamekuwa yakinaswa mle, miaka na miaka, hayana pa kutokea. Nyuzi za chini zimeoza.

Sufu hiyo haimo kwenye michoro. Nimefungua daftari la daraja, lenye mwandiko wako, na kwa karibu miaka thelathini kila Jumamosi kuna neno moja tu, Sawa. Ndiyo maana nakuuliza wewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliye hai wa kuulizwa. Nani aliiweka, lini, na wapi kwingine? Sitafuti wa kumlaumu, nataka kujua pa kufungua. Misokoto mibovu inaweza kubadilishwa. Hata ikiwa ni pande zote mbili inawezekana, mradi tuanze kiangazi na tumalize kabla ya dhoruba za vuli. Tukifanya hivyo daraja litaishi miaka mingine ishirini na mitano, nawe utabaki nyumbani kwako.

Usichelewe kujibu.

Mpwa wako,
Gunnvor


Gråholm, 12 Juni 1994

Gunnvor, marahaba.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Mei lakini kondoo walikuwa wanazaa. Wana ishirini na wanane, na wawili niliwatoa mimi mwenyewe kwa mkono, saa nne nzima nimelala kifudifudi, kijana wa mjini angezimia. Yule mwenye kiburi naye amezaa, amewadanganya wote. Mama yako ukimwambia umekamua, mwambie pia umefunga mlango wa zizi, maana hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi tangu utotoni.

Hilo la sufu unaniuliza nijue nini. Watu wengi wamepita kwenye chumba kile. Ninavyoona, kama kuna mtu alifunga sufu basi alitaka kuzuia maji, na maji yalizuilika. Kabla ya hapo sakafu ilikuwa dimbwi na wakati wa baridi ni barafu tupu. Baada ya hapo mhandisi wa tano alisimama mle ndani na viatu vya ngozi akasema hajawahi kuona chumba kama hiki. Nyinyi siku hizi mnakuja na kompyuta, mnakuta kitu kimekaa miaka bila kudondosha tone, mnakiita kibovu.

Kama ni lazima uandike jina, andika Sjur Hauge, niliyefanya naye kazi. Alipenda kujaribujaribu mambo. Amekufa tangu mwaka wa themanini na tatu, haitamuuma. Kuhusu kwingine sijui.

Mwaka huu viazi vinaonekana vizuri.

Anfinn Sandvoll


Bergen, 22 Agosti 1994

Shikamoo Mjomba.

Mama alianguka bafuni Julai akavunjika nyonga. Yuko hospitali bado. Anakula vizuri. Mjukuu wake akimpelekea keki anaificha chini ya mto.

Nimefanya ulivyosema, jina la Sjur limeingia kwenye ripoti. Tulimwandikia mjane wake, Oline, kuomba daftari za kazi za mumewe kama zipo. Akanipigia simu ofisini. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Sjur wangu asingefunga sufu pale hata angeshikiwa bunduki."

Mipango imekamilika. Chumba cha mashariki, cha upande wa Vikane, nimekikagua mwenyewe. Sikuona soksi yoyote. Shingo za vikombe zimezibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kazi safi sana, nadhani imetoka kiwandani hivyo. Nimeandika kwamba upande wa mashariki ni mzima. Kwa hiyo misokoto mipya iliyoagizwa ni ya magharibi peke yake. Tarehe kumi Oktoba lori la winchi, tani ishirini na mbili, litavuka kutoka Vikane kuja kwenu. Tukiilegeza misokoto ya kisiwani, mashariki ndiko kutakakobeba uzito. Nitakuwa juu ya daraja mimi na mafundi watano.

Sikuulizi tena habari za nani. Naomba unijibu jambo moja tu, ndiyo au hapana. Mashariki mliweka chochote?

Gunnvor


Gråholm, 9 Septemba 1994

Mpwa wangu,

Pole kwa nyonga ya mama yako Marta. Nimempelekea mbavu za kondoo zilizokaushwa, ziko kwenye kifurushi na basi. Zilowekwe maji usiku kucha kabla ya kupikwa, wauguzi hawajui hayo, waambie.

Nimefikiria habari ya lori. Tani ishirini na mbili ni nyingi. Leteni vitu kwa pantoni kama tulivyofanya zamani, bahari haichoki kubeba. Na wewe mhandisi kazi yako iko mezani, huna haja ya kusimama darajani siku hiyo, waachie mafundi.

Nasema tu.

Mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo. Nyasi zimeoza kabla sijazianika.

Anfinn


Bergen, 27 Septemba 1994

Mjomba,

Mama alikula mbavu zako zote. Alijua zimetoka kwako, akakutaja kwa jina.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali langu. Halimo. Pantoni yenye nguvu ya kubeba winchi ile haipatikani kabla ya mwakani, na magharibi haiwezi kungoja. Tarehe ni ileile, saa mbili asubuhi.

Nachukua kwamba jibu ni hapana. Kama sivyo, Oline ana simu, na nyumba yake iko hatua arobaini kutoka mlangoni kwako.

Gunnvor


Nyumba ya wazee, Vikane, 20 Novemba 1994

Kwa Gunnvor,

Hujaniandikia tangu siku ile na sikulaumu. Mama yako najua habari zake kwa wauguzi wa hapa, wanapigiana simu na wa kule. Mimi ni mzima. Wananilisha saa kumi na moja. Kondoo wamenunuliwa na mtu wa ng'ambo ya Vikane, walivushwa kumi kumi kwa mashua, na yule mwenye kiburi aliruka majini wakamvuta kwa pembe.

Naandika ili yawepo maandishi kwenye faili lako, kwa mkono wangu. Haya mengine niliyasema siku ile lakini lori lilikuwa linaunguruma, na huenda hukusikia vizuri.

Ilikuwa vuli ya mwaka wa sabini na moja. Mhandisi wa tano aliteleza kwenye barafu ya chumba cha magharibi, akaangukia makalio, akaniambia mbele ya watu kwamba natunza banda la nguruwe. Nilirudi nyumbani nikakata sufu ya kondoo wangu mwenyewe, nikaichemsha na lami na mafuta, na wiki iliyofuata nikafunga misokoto yote ya magharibi. Sjur alikuwa ananishikia taa. Kwenye kikombe cha tatu au cha nne akasema, "Anfinn, maji yatatokea wapi?" Nikamwambia kazi yake ni taa. Akashika taa mpaka jioni. Kesho yake hakuja, alisema mgongo unauma, na nilijua haumi.

Kwa hiyo mashariki nilifanya peke yangu, na nilitaka Sjur aone aibu, nikafanya vizuri zaidi. Sufu niliisokomeza ndani ya shingo kwa patasi nyembamba, juu yake nikamimina risasi, nikailainisha kwa tindo mpaka ikang'aa. Siku kumi na sita. Kazi ile ndiyo uliyodhani ya kiwandani. Nilipoisoma barua yako ya Agosti, Gunnvor, nakuambia kitu kibaya. Nilifurahi kwanza. Niliisoma mstari ule mara nyingi kabla sijaogopa.

Kwa nini haimo kwenye daftari. Mimi shule nilikwenda wiki moja na wiki moja nachunga, wewe unajua. Mwaka wa hamsini na moja niliandika daftarini maelezo marefu ya ufa kwenye zege, na mhandisi wa pili aliyasoma kwa sauti wakati wa kahawa, neno kwa neno, kama yalivyoandikwa. Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Sjur hakucheka. Tangu siku ile niliandika Sawa. Miaka ishirini na tisa niliandika Sawa, hata siku ambazo mambo hayakuwa sawa.

Baada ya barua yako ya mwisho niliandika nne nikazichoma zote. Nilikwenda kwa Oline kuomba simu. Nilifika kwenye geti, alikuwa dirishani anamenya viazi, alinitazama na hakuacha kumenya. Nikasema moyoni nimtazame vipi mtu ambaye nimemchafulia mume. Nikarudi. Nilifanya hivyo siku tatu.

Asubuhi ya tarehe kumi nilichukua kiti cha jikoni nikavuka daraja kwa miguu. Lori lilikuwa upande wa Vikane linaunguruma. Niliweka kiti katikati ya njia nikakaa. Dereva, Leidulf Tveit, akateremka akaniambia, "Mzee, kama unangoja basi, kituo kiko kule." Mafundi walicheka. Msimamizi wao akasema atanibeba na kiti changu. Nikamwambia ajaribu, nimewabeba wazito kuliko yeye. Ndipo ukaja wewe na kofia yako ya chuma, ukaniambia, "Mjomba, ondoka njiani."

Nikasema, "Mashariki pia. Yote ishirini na nne. Ni mimi, si Sjur."

Uligeuka ukashika ngazi ya chumbani, nami nikafuata. Risasi ya kikombe cha tisa niliikata mimi kwa kisu changu cha kondoo, kwa kuwa mafundi wako hawakujua pa kuanzia. Sufu ilitoka nzima, bado ina harufu ya lami. Kisha maji yakatoka, rangi ya kahawa, yakajaa kwenye kiatu changu. Ukachokonoa kwa bisibisi, nyuzi zikakatika kama tambi kavu. Ulifungua kumi na moja, na zote kumi na moja ni hivyohivyo. Nilitaka useme kitu. Ulikuwa unahesabu kwa midomo tu.

Ulisema nje, tukiwa peke yetu, na nayaandika kama ulivyoyasema. "Ungeniambia Mei ningeagiza ya pande zote mbili, na kiangazi kizima kilikuwa chetu. Sasa halitahimili dhoruba ya Januari."

Ulizimisha lori. Saa sita mchana uliweka kizuizi mwenyewe, ukaandika kwamba hapiti gari, baiskeli wala mtu. Nami nilikuwa upande wa Vikane na kiti changu cha jikoni. Nilikuambia nyumba yangu ile pale, naiona moshi unatoka, niliacha moto jikoni. Nilikuambia nina kilo sitini na tatu, daraja hilo limewahi kubeba mizinga ya Wajerumani. Ulinishika mkono ukasema, "Hapiti mtu, Mjomba." Nikajua umekuwa mtunza daraja, maana mimi ningekuachia upite.

Mtu wa mashua alikwenda kuzima moto.

Sasa wanalishusha daraja. Dirisha langu linaelekea huko na niligoma kubadilishiwa chumba. Wamekwisha ng'oa mbao za njia kutoka katikati kwenda pande zote mbili, wanafanya kwa uangalifu, hilo naweza kulisema hata kama hawagongi ribiti kwa nyundo kwanza. Wanasema daraja jipya litazungumzwa baada ya uchaguzi. Waliobaki Gråholm ni watu thelathini na wanne na shule imefungwa.

Futa jina la Sjur kwenye ripoti yako. Hilo ndilo ombi langu, sina jingine. Weka langu, kwa herufi kamili, na barua hii iambatane hivyohivyo na makosa yake, asome atakayesoma, na acheke akitaka.

Wanaoweza kuthibitisha niliyoandika ni hawa. Leidulf Tveit, dereva wa lori, aliyesimama nyuma yangu na tochi wakati nakata risasi. Wewe Gunnvor, uliyehesabu. Oline Hauge, aliyekuja hapa Jumanne kwa mashua ya maziwa, nikamwambia yote uso kwa uso akiwa amesimama na koti lake, na aliponisikiliza mpaka mwisho akasema asante, akaenda zake. Na Sjur Hauge mwenyewe, aliyeshika taa, ambaye ndiye shahidi wa kwanza. Yeye yuko kwenye makaburi ya Gråholm, safu ya tatu, hatua chache kutoka kwa Bergljot. Ukitaka kwenda, mashua huondoka Jumanne na Ijumaa, bahari ikiruhusu.

Anfinn Sandvoll